Maswali ya Wasomaji: Ngazi za Odessa Kwenye Ukuta wa Komine Kenya

Jambo sana wasomaji wote. Toleo lililopita niliwaalika mje tutazame pamoja ile filme ya meli ya vita Potemkin, ya Mrusi Sergei Eisenstein, ya mwaka 1925, filme bubu ya kama saa moja na robo. Tukashona shuka mbili nyeupe, tukazitundika kwenye ukuta wa nyumba moja pale komine Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu Lubumbashi, jenereta tukaipeleka nyuma ya uwanja isitusumbue, na watu wakaja wengi mpaka watoto wakapanda juu ya miti ya maembe. Tangu siku ile mesaji zinaingia tu, na nyingine ndefu kuliko makala zangu. Nimechagua chache. Kwa ambaye hakuja: mabaharia wanapewa nyama yenye funza, wanakataa kula, afisa anaamuru wapigwe risasi, wao wanaasi na kuikamata meli, mwenzao anauawa, maiti inapelekwa bandari ya Odessa, watu wa mji wanakuja kulia naye, na hapo askari wa mfalme wanashuka ngazi wakiwapiga risasi. Ndiyo filme yenyewe.

*

Yaya, mi nilikuja nimechoka kutoka Kasapa, dakika kumi za mwanzo nilikuwa napiga miayo tu, filme haina sauti, watu wanafungua midomo hakuna kinachotoka. Halafu ile ngazi ikaanza, na nilipokuja kustuka mkono wangu ulikuwa umeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Huyu Mrusi alitufanya nini? — Mwanafunzi, Kasapa

Mdogo wangu, alikata. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, alikata filme kwa makasi na kuiunga kwa gundi, kipande juu ya kipande, ndiyo kitu tunaita montaji. Filme nzima ina vipande zaidi ya 1,300, kwa hiyo ukipiga hesabu picha inabadilika kila baada ya sekunde tatu na kitu, na zama zile filme nyingi zilikuwa zinakwenda polepole kuliko hapo. Alikuwa na miaka 27 tu. Alisomea uinjinia kwanza kisha akafanya teatre, na mi naona ule uinjinia hakuuacha, ukiangalia vile anavyojenga kitu unaona mtu wa vipimo.

Sasa chukua ile ngazi. Ya kweli ina vidato 192, mtu mzima akishuka bila haraka anafika chini mapema tu. Lakini kwenye filme watu wanakimbia, wanakimbia, wanaanguka, unarudishwa juu kuangalia mabuti ya askari, unarudi chini watu bado wanakimbia, unarudi juu mabuti yale yale, na ngazi haiishi. Ameurefusha muda. Na ndivyo hofu ilivyo kweli, nani kati yetu aliyewahi kukimbia risasi akakuambia kwamba njia ilikuwa fupi? Tena angalia namna alivyowapanga, askari wanashuka kwa mstari, mguu mmoja mguu mmoja, hatuonyeshwi nyuso zao, ni mabuti na bunduki na vivuli, lakini watu wa mji kila mtu ana uso wake, kuna mama, kuna asiye na miguu anayeruka kwa mikono, kuna mwanafunzi, kuna bibi mwenye miwani. Halafu katikati ya watu wote wanaoshuka, mama mmoja anageuka na KUPANDA, amebeba mtoto wake aliyekanyagwa, anawafuata askari. Watu wote chini, yeye juu. Vivuli vya askari vinamfunika kabla risasi haijatoka. Wewe ulishika mkono wa jirani hapo, mi najua, kwa sababu uwanja mzima ulinyamaza hapo mpaka tukaanza kuisikia jenereta.

Na kama utaitazama tena, usilale zile dakika za mwanzo, nakuomba. Kuna kijana baharia anaosha sahani za maafisa. Anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye ukingo wa sahani, ni yale ya Baba Yetu, utupe leo mkate wetu wa kila siku. Anayasoma huku akigeuza sahani. Uso unabadilika. Anainua mkono, anaivunja. Ni sekunde chache lakini Eisenstein amekata tendo lile moja vipande vingi, na hakuviunga sawa kwa makusudi, mkono unashuka, halafu kwenye kipande kinachofuata unashuka tena kutoka upande mwingine, yaani sahani moja inavunjwa kama mara mbili. Jicho lako halishiki kosa, linashika hasira tu. Mi nimeirudia ile sehemu usiku mmoja kwenye telefone, kidole kikisimamisha picha moja moja, mpaka bateri ikaisha.

*

Mtoto wangu wa miaka saba alilia kwa sababu ya ile puseti, kigari cha mtoto, iliyoteremka peke yake na mtoto ndani. Njia nzima mpaka Ruashi ananiuliza mama, mtoto alikufa? Mi sikuwa na jibu. Na nakuambia kwa heshima yote nilikasirika na nyinyi. — Mama wa Ruashi

Mama, una haki, na kosa ni la sisi tuliopanga, tulipaswa kutangaza mapema kwamba watoto wadogo wabaki nyumbani. Mara nyingine tutatangaza. Niwie radhi.

Kwa lile swali la mtoto, jibu la kweli ni kwamba filme haionyeshi mwisho wake. Fuatilia kidogo na mimi hata kama inaumiza. Mama wa mtoto amepigwa risasi ya tumbo, anashika mkanda wake, anaanguka taratibu, na mgongo wake ndio unaoisukuma ile puseti. Gurudumu linasita kwenye ukingo wa kidato. Linateremka. Tunaona mtoto ndani, tunaona kijana mwenye miwani anapiga kelele, tunaona magurudumu, tunarudi kwa mtoto. Kisha ghafla Kozaki, askari wa farasi wa mfalme, anainua upanga na kuukata upepo mbele yetu, na kipande kinachofuata ni yule bibi mwenye miwani, jicho linatoka damu. Imeisha. Puseti haturudishiwi tena. Upanga ulimpata nani, hatukuonyeshwa, kilichompiga bibi jichoni vilevile hatukukiona kikiingia. Wewe na mtoto wako mlimalizia wenyewe vichwani, ndiyo maana mlibeba ile puseti mpaka Ruashi. Mwambie mtoto kwamba ule ulikuwa mchezo wa sinema na watu walirudi kwao jioni. Nayo ni kweli.

*

Bwana mwandishi, mi ni fundi wa magari Kamalondo, sikusoma sana lakini shemeji yangu aliyesoma anasema mauaji ya kwenye ngazi hayakutokea hata siku moja. Kama ni uongo mlitulizia nini? Tumelia bure. — Fundi, Kamalondo

Hapana fundi, hukulia bure, lakini shemeji yako naye hajasema uongo. Tuvitenganishe.

Maasi ni ya kweli. Mwezi wa sita mwaka 1905 mabaharia wa Potemkin waliasi kwenye Bahari Nyeusi, na kweli ilianzia kwenye nyama mbovu. Baharia aliyeuawa, Vakulenchuk, alikuwepo, mwili wake uliwekwa bandarini Odessa kweli na watu wakaja. Askari waliua watu wengi mjini na bandarini siku zile, hiyo pia ni kweli. Ila ile picha ya mstari wa askari wanaoshuka ngazi kidato kwa kidato, mama, puseti, hiyo Eisenstein aliipanga yeye. Alichukua mauaji yaliyotawanyika mji mzima akayakusanya mahali pamoja ambapo jicho linaweza kuyashika. Na imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba mwaka 1955 ngazi yenyewe ikapewa jina la Potemkin. Kitu kingine ambacho filme haikusema: inaishia pale meli inapopita katikati ya meli nyingine na zinakataa kuipiga, watu wanarusha kofia, furaha. Lakini baada ya pale Potemkin ilizunguka bila makaa na bila chakula cha kutosha, ikaishia Constanța, Romania, mabaharia wakajisalimisha. Filme iliagizwa na serikali ya Wasovieti kukumbuka miaka 20 ya mapinduzi ya mwaka 1905, na mi naona sherehe haipendi kumalizika na watu wanaojisalimisha. Kwa hiyo ndiyo, ni propaganda, angalia tu maafisa, hakuna hata mmoja mwenye chembe ya huruma, hata padri ana sura ya kutisha.

Lakini nikuulize kitu kama mtu wa Lubumbashi. Pale uwanjani kulikuwa na muzee mmoja karibu na jenereta, nadhani ulimuona, alisimama wakati wa ngazi na hakukaa tena mpaka mwisho. Nilimfuata baadaye. Akaniambia, hii ya kwetu, baba alinisimulia. Alikuwa anasema habari ya Desemba 1941, wakati mji bado unaitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma kwa sababu ya mishahara, vita vya dunia vimepandisha bei ya kila kitu na kazi imeongezwa, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wa koloni wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, kiongozi wao Léonard Mpoyi mmoja wao. Hakuna Eisenstein aliyepita na kamera. Kwa hiyo tumebaki na midomo ya wazee, na tumebaki na wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, kwenye miaka ya 1970 alichora historia ya nchi picha baada ya picha, zaidi ya mia, na mauaji ya wale wagomaji aliyatia ndani. Je, Tshibumba alikuwepo pale uwanjani? Hapana, alizaliwa baadaye. Je, kila mtu alikuwa amesimama vile alivyomchora? Hapana. Na bado mzee akiiangalia picha ile anasema ndiyo, ndivyo. Sisi hapa tuna neno lake, tunaziita picha za ukumbusho, zile watu walikuwa wanatundika sebuleni, na kila mtu aliyekua kwenye mji huu anajua kwamba ukumbusho si karatasi ya polisi, kazi yake ni kukufanya usimulie.

Mi naiweka ngazi ya Odessa hapo. Ukumbusho. Ulie nayo, halafu uulize kama alivyouliza shemeji yako, vyote viwili, na anayekuambia uchague kimoja usimsikilize. Mi mwenyewe kinachonikera kwenye filme ile si kwamba aliipanga ngazi, ni ule mwisho wa kofia zinazorushwa, kwa sababu wale mabaharia walipata taabu kubwa baada ya pale na sinema ikawaacha wakiwa wanacheka. Hapo ndipo naona kuna mtu amedanganywa.

*

Nani alisema hii ni filme bora ya dunia? Sisi hatukuulizwa. — Msomaji, Likasi

Wakosoaji na wanahistoria wa sinema waliokusanywa kupiga kura kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, Potemkin ikatoka ya kwanza. Na swali lako lina uzito kuliko ulivyodhani, kwa sababu kwenye maonyesho yale yale Wabelgiji walikuwa wameweka kijiji cha Wakongo, watu wa kwetu wazima wakikaa nyuma ya uzio wakitazamwa na wageni, wakarushiwa mpaka vitu vya kula kama wanyama, hadi wakachoka wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Na huku nyumbani Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kwenye filme ambayo tume ya koloni ya kukagua filme haijapitisha kwa ajili yake. Si koloni tu walioiogopa Potemkin, Uingereza ilizuia isionyeshwe hadharani mpaka 1954. Basi nakubaliana na wewe, hatukuulizwa. Ndiyo maana niliiweka kwenye ukuta wa komine Kenya, nikawauliza.

*

Yaya, miye njo niko natafsiri filme ku sale ya video ya kwetu, batu banakuja juu ya sauti yangu. Siku ile mulinipa mikro. Nikisema, bamoja banapiga kelele nyamaza. Nikinyamaza, bengine banasema sema basi, tumelipa nini? Sasa filme ya bububu inatafsiriwaje? — Mtafsiri, komine Kenya

Ndugu yangu, kwanza asante, sauti yako ulipokuwa unasoma yale maandishi ya katikati ya picha ilitusaidia sana, hasa wazee na watoto, maana maandishi yalikuwa ya Kifaransa na yanapita haraka. Na usifikiri kazi yako ni ya kuharibu sinema. Filme bubu hazikuwa kimya hata zamani, kulikuwa na mpiga piano au okestra nzima, Potemkin ilipofika Berlin mwaka 1926 ilitungiwa muziki wake na Edmund Meisel, muziki wa ngoma nzito kama mashine. Wajapani walikuwa na watu wa kusimulia pembeni ya picha, wakiitwa benshi, na wengine walikuwa mashuhuri kuliko waigizaji. Huku kwetu mapadri walipokuwa wanazunguka na sinema yao walikuwa na mtu wa kusimulia kwa lugha ya watu. Wewe ni mjukuu wa hao wote.

Lakini uliniuliza nitakujibu wazi. Pale mwanzo, kwenye nyama na daktari anayekunja miwani yake kuangalia funza na kusema ni nzuri, sema, chekesha hata, watu wanahitaji. Pale maafisa wanapotaka kuwapiga risasi wale waliofunikwa turubai, punguza, soma kilichoandikwa tu. Kwenye hema la maiti bandarini soma yale maneno kwamba amekufa kwa sababu ya kijiko cha supu, polepole, mara moja, inatosha. Ikifika ngazi zima mikro kabisa. Siku ile ulisema "angalia puseti hiyo inaenda!" na nikaona watu watatu mbele yangu wakakugeukia wewe, wakati ule ule gurudumu linasita. Kile kipande ni kifupi, aliyegeuka amekikosa. Wanaolalamika kwamba wamelipa, waambie mwishoni utakaa nao dakika kumi mjadiliane, na ufanye hivyo kweli, mi nitakuja.

*

Ile bendera ilikuwa nyekundu na filme yote ni nyeusi na nyeupe. Ni nyinyi mliitia rangi na kompyuta? — Msomaji wa Katuba

Hapana. Filme ya zama zile nyekundu ingeonekana nyeusi, kwa hiyo walipiga picha bendera nyeupe, halafu Eisenstein akaipaka nyekundu kwa mkono picha moja moja kwenye utepe, picha 108. Ndivyo ilivyoonyeshwa Moscow kwenye ukumbi wa Bolshoi tarehe 21 Desemba 1925.

*

Yaya, mi nafanya montaji ya harusi na matanga kwa telefone, watu wananilipa kidogo kidogo. Baada ya ile filme nimeona sijui kitu. Nianzie wapi? — Kijana, Kampemba

Anzia kwenye uso mmoja. Kuna Mrusi mwingine, Lev Kuleshov, kabla ya Potemkin alichukua uso wa mwigizaji usiofanya kitu, akauunga na sahani ya supu, kisha uso ule ule na jeneza, kisha uso ule ule na mwanamke, na watu wakasema huyu mwigizaji anajua kweli, angalia njaa yake, angalia huzuni yake. Uso haukubadilika. Eisenstein akasogea mbele, akasema vipande viwili visiungane kwa upole tu, vigongane, kitoke kitu cha tatu ambacho hakimo kwenye hiki wala kile. Wale simba watatu wa mawe, uliwaona? Mmoja amelala, wa pili ameinua kichwa, wa tatu amesimama. Ni sanamu tatu tofauti za jumba la Alupka, Crimea, kila moja imekaa pale pale miaka yote. Ameziunga haraka na jiwe likaamka.

Sasa fanya hivi wiki hii. Muombe mama yako akae mlangoni asubuhi, mwanga ukiwa upande mmoja, umpige filme uso wake sekunde kumi, asicheke asinune. Kisha piga filme sahani ya bukari, yaani ugali, yenye moshi. Piga viatu vya baba mlangoni. Piga kitanda kilichotandikwa ambacho hakuna aliyelala. Unga uso na kila kimoja, filme tatu, bila muziki, muziki utakudanganya. Waonyeshe majirani ambao hawajui ulivyofanya na uandike wanachosema kuhusu mama, maneno yao yenyewe. Niletee hiyo karatasi.